Kupendwa Mchana Kweupe

Rafiki yangu mmoja, tuliyekua naye Umoja, alikuwa na mpenzi kwa karibu miaka miwili na hakuna mtu mtaani aliyejua. Jamaa alikuwa anakuja saa tatu usiku, watu wakiwa wameingia nyumbani, na anatoka kabla soja hajafunga geti. Simu alikuwa anapiga kila siku. Siku rafiki yangu alipougua, jamaa alimletea dawa na supu, akakaa naye mpaka homa ikashuka. Kwa hivyo mimi siwezi kusema hakumpenda. Ila Jumamosi moja mchana walikutana kwenye steji, jamaa akiwa na mbogi yake. Mmoja wao akauliza, "Kwani huyo dem ni wako?" Jamaa akacheka. "Zii. Huyo ni kama sista yangu."

Rafiki yangu ni mnene. Sitafuti neno laini kwa sababu yeye mwenyewe halitafuti. Aliponisimulia hakulia hata kidogo. Aliniambia tu, "Kwani nilidhani itakuwa aje?"

Hayo maneno ndiyo yamenikalia. Mtu hazaliwi akijua kwamba mapenzi yake ni ya usiku. Kuna mahali amefundishwa. Mimi nadhani sehemu ya hilo somo tumelipata kwenye hadithi.

Chukua Cinderella. Huyu tunayemjua ametoka kwa Charles Perrault, Mfaransa aliyechapisha hadithi yake mwaka wa 1697 na kumvisha kiatu cha kioo. Ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, walitoa hadithi yao mwaka wa 1812, na hiyo ina sehemu ambayo vitabu vingi vya watoto huiruka. Kiatu kinapowakataa dada wa kambo, mama yao anawapa kisu. Mmoja anakata kidole cha mguu, mwingine anakata kisigino. Mwana wa mfalme anaondoka nao kwa zamu, damu ikivuja, mpaka ndege wanamwambia aangalie kiatu. China pia walikuwa na hadithi ya aina hiyo, ya msichana aitwaye Ye Xian, iliyoandikwa katika karne ya 9, na kiatu cha huko nacho kilikuwa kidogo kuliko miguu ya wanawake wengine wote.

Tumezoea kuwacheka hao dada. Mimi nikiisoma leo naona wasichana wawili walioletewa kipimo cha mtu mwingine, kikakataa kuingia, wakaambiwa kosa ni la mguu. Fundi wa nguo pale Uhuru Market hafanyi hivyo. Anakuzungushia tepu, anaandika namba zako, kisha kitambaa ndicho kinachokatwa.

Ndiyo maana siku hizi waandishi wameamua kubadilisha kiatu. Mwaka wa 2021, Julie Murphy wa Marekani alitoa riwaya ya mapenzi, If the Shoe Fits, ambayo Cinderella wake ni msichana mnene anayetaka kubuni viatu. Kabla ya hapo alikuwa ameandika Dumplin', mwaka wa 2015, kuhusu msichana mnene anayeingia mashindano ya urembo, na mwaka wa 2018 filamu yake ikaonekana Netflix. Sisi huku tunaziona kwenye simu, tukiwa tumebanwa kwenye jam ya Jogoo Road. Na tunazihitaji. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2014 ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi ule unaopendekezwa. Panda matatu yoyote ya kwenda Kayole utawaona. Kisha fungua riwaya za mapenzi zinazouzwa zimetandazwa kando ya barabara tao, na uangalie yule binti kwenye jalada. Yule mwanamke wa matatu hayuko. Akiwepo ndani, ni yule rafiki mchekeshaji anayemshikia mwenzake mkoba.

Kuna watakaosema hii ni shida ya Wazungu, kwamba sisi tunapenda wanawake wenye mwili. Nakubali nusu. Msichana akiolewa na kunenepa, wamama wa ploti wanasema ndoa imemkubali. Akikonda wanauliza kama huyo bwana anamlisha. Shosho akikuona baada ya muda anakushika mkono, anakwambia umenona, na hiyo ni baraka.

Lakini zisikilize hizo sifa vizuri. Mwili wa mwanamke unasifiwa kama ushahidi wa kitu kingine: mume ana kazi, jikoni kuna chakula, watoto watazaliwa. Tena zina masharti. Unene ukae kwenye nyonga, usiende tumboni. Uwe na kiuno. Aliyenona vizuri anapigiwa mluzi, na aliyenona vibaya akiingia kwenye matatu makanga anamwambia alipie viti viwili, na gari lote linacheka. Hicho nacho ni kiatu. Saizi tu ndiyo imebadilika.

Kwa hivyo nikisikia kwamba kila mwili ni mrembo, nafurahi, lakini najiuliza swali moja. Rafiki yangu angekuwa na faida gani? Yule jamaa hakumwona mbaya. Alimtamani, tena sana, miaka miwili. Kama tatizo lingekuwa urembo, lingeishia pale mlangoni saa tatu usiku. Tatizo lilianzia steji, saa nane mchana, mbele ya macho ya vijana wanne.

Wale mliotazama Bridgerton mnajua ninachosema. Mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka wa 2022, Colin anawaambia wanaume wenzake kwamba hawezi hata kuota kumchumbia Penelope. Penelope anasikia. Ni mtu aliyemwandikia barua, aliyekuwa akitafuta kampani yake kila mahali. Wanaume wakasimama karibu, akamkana. Ilibidi tungoje mpaka msimu wa tatu, mwaka wa 2024, ndipo Penelope, ambaye anaigizwa na Nicola Coughlan, akapata hadithi yake mwenyewe. Nakumbuka jinsi wasichana walivyoijadili. Wengi walizungumzia lile gari la farasi. Mimi nilikuwa nangoja kuona kama atasema mbele za watu.

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu kuna hoja mbaya iliyo karibu sana na hoja nzuri. Hoja mbaya ni kwamba wanaume wana deni la kuwatamani wanawake wanene. Hakuna deni kama hilo. Moyo haulazimishwi, na mtu anayekupenda kwa sababu ameona ni haki kukupenda anakudhalilisha vilevile. Yule jamaa angeweza kutokuja kabisa, na hakuna ambaye angekuwa na neno juu yake. Lakini alikuja. Na akishakuja, akala, akalala, akapendwa, sasa kuna kitu anadaiwa, na si kumwita mrembo. Anadaiwa kusema "ndiyo" anapoulizwa. Kile alichofanya ni kuchukua faida ya mapenzi na kumwachia mwenzake gharama yote. Aibu ilikuwa yake. Rafiki yangu ndiye aliyeilipa, kwa kujificha.

Na hadithi zinaingilia hapo. Hadithi haiwezi kumlazimisha mtu yeyote kupenda, lakini inagawa matarajio. Inatufundisha mapema ni nani akipendwa hadharani hakuna atakayeshangaa, na ni nani akipendwa lazima kuwe na maelezo. Yule jamaa wa steji hakuogopa sheria. Aliogopa kicheko. Na rafiki yangu, ambaye alisoma hadithi zilezile nilizosoma mimi, alikuwa ameshajua nafasi yake kabla ya huyo jamaa kuzaliwa kwenye maisha yake.

Nimewahi kuambiwa kuna njia nyingine, ya kukataa mashindano yenyewe. Ni ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka wa 1911, na mwaka wa 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za taarabu. Watu walimwimbia nyimbo za kumcheka, kwamba hana sura, kwamba ametoka shamba bila kitu. Yeye akajibu kwa wimbo. Na katika jibu lake hakubishana kwamba ni mzuri. Alisema sura na nasaba si hoja, hoja ni akili.

Nampenda kwa hilo. Ni jibu la mtu mzima. Lakini nimejaribu kumwambia rafiki yangu kwamba sura si hoja, na aliniangalia vile mtu mwenye njaa anamwangalia aliyeshiba akimwambia chakula si kila kitu. Ana kazi yake, ana akili, ana biashara ndogo ya nguo za mtumba anazozifuata Gikomba alfajiri. Hilo la thamani yake analijua. Anataka pia kushikwa mkono akienda kununua smoki. Si ujinga kutaka hivyo, na mtu asimfanye aone aibu ya pili, aibu ya kutamani kupendwa.

Vipi afya? Najua mtu atauliza, kwa kawaida ni yule ambaye hajawahi kukuuliza habari za presha yako siku nyingine yoyote. Daktari ana maneno yake na tuyasikie. Ila hakuna mahali daktari ameandika kwamba mtu apendwe baada ya kupungua kilo.

Basi mimi nimerudi kwa Cinderella, kwa akina Grimm, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kiatu ni kipimo kibaya, nakubali. Lakini usiku wa karamu walicheza wawili, yeye akiwa na gauni zuri, na kila mara akamtoroka. Hadithi ingeweza kuishia hapo, iwe mapenzi ya usiku. Badala yake mwana wa mfalme anakuja mwenyewe mpaka nyumbani, mbele ya baba na mama wa kambo wanaosema huyo msichana wa majivuni hafai kuonekana. Anasisitiza aitwe. Anamtazama usoni, anamtambua, anasema ndiye, anampandisha farasi wake na kuondoka naye watu wakiona. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka waandishi wetu waichukue. Kiatu wakiache.

Hadithi ninayoitaka basi ni ndogo sana. Msichana mnene wa Umoja au Dandora, saa kumi jioni, anatembea na mtu wake kutoka steji hadi nyumbani. Wanabishana kuhusu kodi ya nyumba. Mtu anauliza, "Huyo ni wako?" na jibu linatoka bila kufikiriwa. Hadithi inaendelea na mambo mengine, kwa sababu mwili wake si habari.

Nilimsomea rafiki yangu haya kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimemfanya kama mtoto. "Wewe unaandika ni kama alikuwa anavunja mlango. Mimi ndiye nilikuwa namfungulia."

Nikamwambia basi nitaandika hivyo.

"Andika," akasema. "Na uandike pia siku hizi, mtu akitaka kuja, namwambia aje mchana."