Hoteli za Pwani na Vijana Wetu



Kila hoteli mpya inapofunguliwa pwani, habari hutufikia upesi huku milimani, na vijana wa Mgeta, Matombo na mjini Morogoro hufunga mizigo. Tangu 2024 treni ya umeme imeileta Dar es Salaam karibu mno, na wengine huvuka mpaka Unguja. Tunamshukuru Mungu. Upishi, udobi, ulinzi, kutandika vitanda vya wageni, zote ni kazi za heshima. Wala tusiwaite wavivu wale waliobaki kijiweni. Katika Mathayo 20, waliokutwa wamesimama saa kumi na moja walitoa sababu yao wazi: hakuna aliyewaajiri.

Lakini tuutazame tena mfano ule. Mwenye shamba alipatana kwanza na wale wa asubuhi kwamba atawapa dinari moja kwa siku, ndipo wakaingia kazini, na jioni akalipa. Je, watoto wetu wanapatana na nani? Wengi huondoka kwa neno la rafiki tu. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na ampumzishe saa 24 mfululizo kila juma. (Zanzibar wana sheria yao.) Basi mzazi asione haya kuuliza: Barua iko wapi? Siku ya mapumziko ni ipi? Binti akitoka zamu ya usiku atalala wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hoteli za watalii zilipokuwa zikijengwa, Watanzania walibishana gazetini kama utalii utatujenga au utatufanya watumishi wa wageni. Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo kitabuni mwaka 1973. Hoja haijazeeka. Mwaka 2020 korona ilipowazuia watalii, hoteli nyingi zilifungwa, na kila masika wageni hupungua. Wakati huo kinachompokea kijana ni shamba la ukoo wa mama yake. Tusiliuze kwa ajili ya nauli! Na aliyebaki na jembe asijidharau, maana Dar es Salaam inakula kabichi za Mgeta na kunywa maji ya Ruvu yatokayo Uluguru.

Wenye nia ya kusafiri, tuonane baada ya ibada ya Jumapili. Aliyepewa barua ya kazi aje nayo, tuisome pamoja kabla hajatia sahihi.