Siri ya Mtungi na Mwenzako wa Chumba

Siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii husemwa zaidi pale mtu wa nje anapojitia kujua mambo ya nyumba isiyo yake: anaambiwa anyamaze, wenye habari wamo humo ndani. Mtungi wa udongo kwa nje unapendeza. Umewekwa kivulini, ubavu unatoa jasho, na mgeni akiuona tu anahisi kiu. Kama maji yalitekwa leo au wiki iliyopita, kama chini kuna tope au kajusi kamezama, hana pa kujulia. Kata, ile ya kifuu cha nazi na mpini mrefu, ndiyo inayozama hadi chini na kutoka imelowa. Ujuzi wake hautokani na werevu. Unatokana na kuruhusiwa kuingia.

Methali inakomea hapo. Inasema nani anajua; haisemi anayejua afanye nini. Pengo hilo ndilo linalomkosesha usingizi mwanafunzi aliyemwona mwenzake akighushi.

Chukua mfano ambao aliyepita vyuoni kwetu hahitaji kusimuliwa sana. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa awahoji wakulima sitini. Nauli hana, bumu la mkopo limechelewa, siku ya kukusanya risechi imekaribia. Anakaa kitandani na kalamu nne tofauti, anajaza madodoso yote sitini peke yake: hapa mwandiko umelala, pale umesimama; mkulima huyu ana miaka 34 na aliishia darasa la saba, yule ana 51 na hakusoma kabisa. Kufika alfajiri kijiji kizima kimeshajibu. Programu ya kunasa unakili haitaona kitu, maana hakuna alichonakili. Msimamizi naye hataona kitu, maana majedwali yamekaa sawa, pengine sawa mno. Aliyeona ni mmoja tu, wa kitanda cha juu.

Huyo ndiye kata. Hakupeleleza wala hakuchungulia. Angekuwa mtu baki, madodoso yangesukumwa chini ya godoro mara mlango ulipogongwa. Kwake yeye hayakufichwa kwa sababu ameaminiwa. Basi akienda kusema, atakuwa anautumia urafiki kama ushahidi, na ndiyo maana wanafunzi wana maneno makali kwa mtu wa namna hiyo: mnoko, mchongezi, msaliti. Sioni kama maneno hayo ni ya kipuuzi. Mwenzako wa chumba ndiye aliyekukopesha nauli ya likizo, ndiye aliyekushika mkono hadi zahanati malaria ilipokuangusha. Akidisko na kuondoshwa chuoni, nyumbani kwao kuna mama aliyeuza ng'ombe. Anayesema kwamba kuripoti ni jambo jepesi, kwamba kanuni ni kanuni, huyo hajawahi kulala chumba kimoja na mtu.

Ipo methali nyingine ambayo watu huiweka sambamba na hii: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wengi huziona kama pacha. Zote mbili zinamzungumzia mtu aliyefika pasipofikika na akaona kisichoonwa na wengine. Lakini mwosha ana miiko yake. Kovu, kilema, alama yoyote aliyoikuta mwilini haitoki naye chumbani, na akiitoa watu watamkimbia. Ni sitara, na katika malezi ya pwani sitara ni jambo zito: anayemsitiri mwenzake hutarajia naye asitiriwe na Mola wake.

Tofauti iko kwa anayedhurika. Aibu ya maiti haimdhuru yeyote. Inazikwa pamoja naye. Maji ya mtungini yatanywewa na nyumba nzima, watoto wakiwamo, na mgeni aliyesifu ubaridi wa mtungi ndiye wa kwanza kupewa. Kunyamaza kwa mwosha ni hifadhi. Kata ikinyamaza, kuna mtu anakunywa. Wanazuoni walilipima jambo hili zamani. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Riyadhu Swalihina anaikemea vikali ghiba, kisha anataja sababu sita zinazoruhusu mtu kusemwa asipokuwapo, na miongoni mwake ni kushtaki dhuluma, kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu wasidhurike. Kwa hiyo hata ndani ya mila inayotukuza sitara, mlango haukufungwa kabisa.

Swali la mwenye kitanda cha juu basi si "je, mimi ni rafiki wa kweli?" Swali hilo litamzungusha hadi kuche. Ajiulize: nani atayanywa maji haya?

Wakati mwingine jibu ni kubwa kuliko mtu alivyodhani. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, na kwa shule kadhaa za kwingineko, baada ya mtihani kuvuja. Ulikuwa umefanyika Septemba. Oktoba watoto wakarudishwa madarasani kuufanya upya. Kuvujisha mtihani wa taifa ni kazi ya watu wazima, na watu wazima hao walikuwa na wenzao waliowaona. Walionyweshwa ni watoto, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba mtungi umeingiwa na kitu.

Mara nyingine jibu ni dogo, na ni haki kulikubali kuwa dogo. Mwenzako amenakili zoezi la alama tano kwa jirani yake. Mwambie ni upuuzi, ulale. Lakini mwanafunzi wa uuguzi anayeghushi sahihi za mafunzo ya wodini, kwamba ameshachoma sindano kadhaa za mishipa na kumbe hajachoma hata moja, huyo anamwandalia maji hayo mgonjwa asiyemjua. Hapo sioni hoja ya kunyamaza.

Madodoso yale yako katikati, na katikati ndiko kugumu. Wapo watakaosema risechi za shahada ya kwanza huishia rafuni, hakuna anayezisoma, basi nani kadhurika? Kadhurika binti wa darasa lilelile aliyetembea vijijini wiki tatu, akarudi na takwimu zenye mapengo kwa sababu watu halisi hujibu kwa mapengo, akapewa alama ya chini kuliko wakulima sitini waliozaliwa kitandani. Wamedhurika pia wakulima wenyewe, waliosemewa wasiyoyasema.

Kuna waliojaribu kulimaliza tatizo kwa amri. Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, kanuni ya heshima inamkataza mwanafunzi kusema uongo, kudanganya na kuiba, na vilevile kumvumilia mwenzake afanyaye hayo. Kunyamaza ni kosa kama kughushi. Hata hivyo mwaka 1976 udanganyifu mkubwa ulifumuka humohumo, katika kazi ya somo la uhandisi wa umeme. Zaidi ya wanafunzi 150 walifukuzwa au kujiuzulu, na wengi wao baadaye wakaruhusiwa kurudi. Amri haiwezi kuchukua nafasi ya dhamiri ya anayeona, hasa pale ambapo wanaoona ni wengi na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Mimi naiona njia hivi. Aliyeona aanze na aliyefanya, wawili tu, mlango umefungwa: "Ndugu yangu, madodoso niliyaona. Nenda kijijini hata upate watu ishirini wa kweli, umweleze msimamizi kwamba sitini wamekushinda. Nauli tutachangishana." Maneno hayo ni magumu kuliko kuandika barua isiyo na jina na kuipenyeza chini ya mlango wa mkuu wa idara. Barua ile simlaumu anayeiandika pale ambapo mwenye ofisi naye amo katika mchezo, na tusijidanganye kwamba hilo halitokei. Lakini pasipo na hofu hiyo, inamnyima mshtakiwa nafasi ya kujirekebisha, na inamnyima msemaji nafasi ya kujichunguza. Maana ajichunguze kweli. Kama wote wawili wanagombea nafasi moja ya ukufunzi msaidizi, na macho yamemfumbuka wiki ile majina yalipotangazwa, ukweli wake utabaki ukweli, ila hautakuwa safi.

Mwenzake akienda kijijini na kuianza kazi upya, jambo liishe hapo. Kunyamaza sasa ni sitara halisi. Akicheka na kukusanya vilevile, basi aliyeona amwambie waziwazi kwamba ataenda kwa msimamizi, kisha aende, kwa jina lake.

Linabaki lile la kuulizwa. Kuna siku kamati ya nidhamu huita chumba kizima, kwa sababu mtu mwingine kabisa amesema, na mkuu wa idara anamgeukia wa kitanda cha juu: ulikuwapo? Hapo hiari imekwisha. Aseme alichokiona kwa macho yake, usiku ule, kalamu zile, asiongeze wala asipunguze, na aseme pia kama mwenzake alijirekebisha. Na akiulizwa kuhusu yule wa chumba cha tatu, ambaye habari zake alizisikia kantini tu, ajibu kwamba hajui.