Wema wa Mkalimani: Suala la Hatia katika Filamu ya Visaranai

Filamu ya Kitamil iitwayo Visaranai, jina lenye maana ya uchunguzi au mahojiano, iliongozwa na Vetrimaaran na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka wa 2015. Chimbuko lake ni kitabu cha M. Chandrakumar, dereva wa tuktuk wa Coimbatore aliyeyaonja mwenyewe mateso ya mahabusu. Wahakiki wameisifu kwa uhalisia wake. Sifa hiyo ni ya haki, ila haitufikishi mbali, maana kipigo kilichoigizwa vizuri chaweza kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Linalotushughulisha hapa ni suala la kimaadili: je, mtu mwema aliyemo ndani ya chombo kiovu ana hatia kiasi gani?

Pandi na wenzake ni vibarua Watamil waliohamia Guntur, katika jimbo la Andhra Pradesh, ambako hulala bustanini. Wanakamatwa na kupigwa ili wakiri wizi wasioujua. Polisi hawautafuti ukweli. Wanatafuta migongo ya kuibeba kesi. Mahakamani, lugha ni Kitelugu, na washtakiwa hawana wa kuwasemea mpaka anapotokea Muthuvel, afisa wa polisi kutoka Tamil Nadu aliyefika hapo kwa shughuli zake. Anawatafsiria maneno yao, hakimu anasadiki, nao wanaachiliwa.

Onyesho hili ndilo kiini cha filamu nzima kwa maoni yetu. Ukweli alioutamka Muthuvel ni uleule waliokuwa wakiulilia vibarua tangu siku ya kwanza. Umekubalika sasa kwa kuwa umepitia kinywa cha mwenye cheo. Isitoshe, wema huo haukumgharimu kitu, na papo hapo unageuka kuwa deni: walioachiliwa wanatakiwa kumsaidia kumnasa KK, mhasibu anayejua siri za fedha za wanasiasa. Kisha wanapelekwa kusafisha kituo chake cha polisi. Humo wanayasikia yasiyopasa kusikiwa. KK anafia mikononi mwa polisi, na wakubwa wanaamua kwamba vibarua nao wauawe, wapakaziwe ujambazi.

Muthuvel anasita. Msomaji mwenye huruma atasema kwamba hakuwa na hiari, kwamba mwenye kosa ni mfumo. Neno hili "mfumo" limependwa mno katika tahakiki zetu, nasi wenyewe tumelitumia kupita kiasi. Lakini katika filamu hii mfumo hauna koo lake wenyewe; kila amri hupitia koo la mtu, na Muthuvel alikuwa miongoni mwa waliozipitisha kwa miaka mingi kabla ya usiku ule. Kusita si kukataa. Hata kifo chake mikononi mwa wenzake hakiwi fidia, kwani wanamuua kwa kuwa hawamwamini tena, wala si kwa kuwa amewaokoa wale watu. Hakuwaokoa.

Hapa inafaa tujitazame sisi hadhira. Samuthirakani, aliyemwigiza Muthuvel, alipata tuzo ya taifa la India ya mwigizaji bora msaidizi, na aliistahili. Hata hivyo, ni mara ngapi mtazamaji hutoka akimlilia afisa zaidi ya vibarua? Afisa amepewa dhamiri inayogawanyika, na sisi wasomi tumefunzwa kuithamini dhamiri ya namna hiyo. Pandi amepewa mwili tu wa kupigwa. Mgawanyo huo waweza kuhesabiwa kuwa udhaifu wa mtunzi. Twauona kuwa mtego aliotutegea kwa makusudi, maana mwelekeo uleule wa kumsadiki mwenye cheo ulioonekana kwa hakimu wa Guntur sasa umo ndani yetu.

Huko Guntur, Pandi aliteswa na watu wasioijua lugha yake. Aliporudi kwao akaelewa kila neno lililosemwa kituoni, na kuelewa huko ndiko kulikomwua.