Chini ya Ngozi ya Shaba

Kiangazi, jua la saa sita likiwaka, mapaa ya bati ya vijiji vinavyozunguka Kigonsera, kati ya Songea na Mbinga, hung'aa hadi macho yakauma. Juu ya mapaa hayo kuna paneli za sola, na kutoka kwenye kila paneli unashuka waya, unapenya chini ya kenchi na kutokomea. Mwenye nyumba ataipangusa paneli vumbi, ataigusa betri aone kama imepata moto, taa atawaonyesha wageni. Waya hatauona tena. Mambo ya waya ni ya fundi, muuza duka na dhamiri zao.

Televisheni ikizimika saa mbili usiku, lawama huenda kwenye betri. Betri ikibadilishwa na tatizo likabaki, hulaumiwa mawingu, na mawingu hayana wakili.

Swali la dhamiri hizo ni la zamani. Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Akwino alijiuliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro za bidhaa yake. Alitoa mfano wa farasi mwenye chongo: jicho bovu mnunuzi analiona mwenyewe, kwa hiyo muuzaji anaweza kunyamaza, mradi bei iwe ya haki. Ila kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Waislamu nao wanayo hadithi mashuhuri ya Mtume sokoni, alipotumbukiza mkono kwenye lundo la nafaka lililokauka juu, vidole vikakuta unyevu chini, naye akamkana mwenye kudanganya kuwa si miongoni mwao.

Lundo hilo leo huuzwa likiwa limeviringishwa. Ziko nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje, na zikiuzwa bila maelezo mnunuzi huamini ni shaba tupu. Kisu kidogo kinatosha: kwangua uzi mmoja, ukitokea weupe, umefika penye unyevu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, hivyo aliyelipia waya wa milimita za mraba 2.5 amebeba nyumbani kitu kinachofanya kazi ya 1.5. Kwenye maungio alumini hulegea na kupata kutu nyeupe, na ungio lililolegea hupata moto.

Kosa jingine halihitaji bidhaa feki. Chukua televisheni na taa kadhaa, jumla wati 100, kwenye betri ya volti 12 iliyo umbali wa mita 10. Zinapita ampea 8 na kitu. Kwa waya halali wa shaba wa 1.5, karibu volti 2 zinaishia njiani zikiwa joto, na televisheni inapata 10. Kwa waya wa 6, inayopotea ni kama nusu volti. Kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 waya uleule wa 1.5 usingeleta shida yoyote kwa mzigo huo. Ndiyo maana fundi aliyezoea nyumba za mjini anaweza kukosea bila nia mbaya.

Basi mjane mwenye pesa ya waya mwembamba tu afanyiwe nini? Wapo wanaoona kumfungia huohuo na kunyamaza ni huruma. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwa sababu huruma yenyewe inapimika: betri ikisogezwa hadi mita 4 kutoka kwenye televisheni, waya wa 2.5 unapoteza ileile nusu volti ya waya wa 6 wa mita 10. Maskini alikosa mtu wa kumpimia. Shaba nene hakuihitaji.

Kigonsera yenyewe ina misheni iliyoanzishwa mwaka 1899 na Wabenediktini wa St. Ottilien, mwaka mmoja baada ya ile ya Peramiho. Kanuni wanayoifuata, iliyoandikwa karne ya 6, inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vya altare, na inakataza hila pale kazi za mafundi zinapouzwa. Kwa macho hayo, bunda la waya stoo na kalisi ya misa vinadai heshima ileile. Ni dai zito, lakini lina faida moja: halingoji mnunuzi awe mjuzi.

Ipo pia kasoro inayofichwa na muda. Waya wa kawaida wa ndani ukianikwa juu ya bati, ganda lake hukauka na kupasuka kwa jua, ilhali waya wa sola una ganda la tabaka mbili linalostahimili. Siku ya kukabidhi kazi zote mbili zinapendeza. Ufa unakuja miaka kadhaa baadaye, fundi ameshalipwa na pengine ameshahama. Ni kana kwamba farasi wa Akwino alikuwa na macho yote mawili sokoni, chongo kikaja baadaye.

Ndiyo maana kuna mafundi ambao hawataji bei kwanza. Hutoa futi, hupima kutoka betri ilipo hadi sebuleni, hukuna kichwa, kisha huuliza: "Mama, hii televisheni lazima ikae kule?"