Uliambiwa, Ukanyamaza?



Ndugu kijana, leo tuongee kuhusu usukani. Ndiyo, usukani wa gari. Vumilia kidogo, utaona tunakoelekea.

Mwezi Februari 2014, kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuyaita magari yake yarudi yatengenezwe bure, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion. Hesabu ilifika kama milioni 2.6. Shida ilikuwa kitu kidogo tu: swichi ya kuwashia gari ililegea. Ukining'iniza funguo nyingi, au gari likipiga shimo, swichi iliweza kujizungusha yenyewe. Injini inazima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla, breki zinakuwa ngumu, na mifuko ya hewa ya kuwakinga waliomo haifunguki. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

Kinachoniumiza zaidi si swichi. Fundi ni binadamu, hukosea. Kinachoumiza ni kwamba ndani ya kampuni kuna watu waliolijua tatizo karibu miaka 10 kabla. Mwaka 2005 yalitolewa mapendekezo ya kulirekebisha, yakawekwa kando, gharama ikiwa sababu mojawapo. Uchunguzi wa mwanasheria Anton Valukas ulieleza tabia ya vikao vyao: wote wanatikisa kichwa kukubali, halafu wakitoka nje hakuna anayefanya kitu. Tusidanganyane, tabia hiyo hata kwenye vikao vyetu vya vijana ipo.

Sasa swali: mtu ambaye hakukusudia kasoro, ila aliijua akanyamaza, ana kosa? Fungua Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe aliambiwa, asimfunge, hapo ana hatia ya damu. Pembe ni zilezile, kifo ni kilekile. Tofauti ni moja: aliambiwa. Utasema, "Si mimi niliyeiharibu." Hata yule mwenye ng'ombe hakuziotesha pembe.

Naandika haya kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliuza pikipiki yangu. Usukani ulikuwa unacheza, na ukiongeza mwendo unatetemeka mikononi. Mnunuzi akaniuliza, "Kaka, haina shida?" Nikamjibu, "Ijaribu mwenyewe." Akazunguka nayo hapo mtaani polepole, akaridhika, akalipa. Sikusema uongo hata neno moja. Hivyo ndivyo nilivyojifariji.

Nilipokwenda kuungama, padre aliniuliza kitu kimoja tu: "Huyo kijana bado anaiendesha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naomba msamaha wa jambo la zamani, kumbe kwa mwenzangu lilikuwa la kila asubuhi. Nilimpigia simu jioni ileile. Alinifokea, na alikuwa na haki. Tukaenda kwa fundi, nikalipa mimi.

Katekisimu (namba 1459) inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeyasababisha. Lazima tufanye tunachoweza kuyarekebisha. Kuyaita magari yarudi kunafanana na hilo: unalitaja kosa waziwazi, unamtafuta uliyemweka hatarini, unagharimia matengenezo. Ubaya ni kuchelewa. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai, lakini hela haimrudishi mtu mezani kwa mama yake.

Kwenye Misa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu. Tunalisema haraka sana, yaani kama vile ni dhambi ndogo kuliko zile nyingine. Jumapili hii lisema taratibu, na ujiulize: nani yuko hatarini kwa sababu ya jambo ambalo mimi nalijua na yeye halijui? Jina likikujia, usisubiri kikao. Mpigie.

Tuombe: Ee Bwana, nipe ujasiri wa kusema mapema, na unyenyekevu wa kulipa nilichoharibu. Mlinde yule ambaye bado sijampigia. Amina.