Niambie Ulichoka Ukurasa Gani

Vijana wa Kigoma wanaandika. Miswada yao hunifikia kwa simu, kwenye madaftari ya shule, na mingine imechapwa steshenari pale Mwanga. Ombi ni lile lile: "Mwalimu, naomba uisome, uniambie umeionaje."

Hiyo "umeionaje" ndiyo inayotuponza. Tumelelewa kutomvunja mtu moyo. Ukikaribishwa chakula unasifu, ukipewa hadithi unasema nzuri sana, hongera, na mwandishi anaondoka na furaha ya jioni moja. Mswada unabaki vilevile.

Msomaji wa hiari aombwe kitu anachoweza kukitoa bila kuona haya. Aulizwe alichoka ukurasa gani. Aulizwe ni mhusika gani alimchanganya na mwingine, na ni wapi aliacha kuamini. Kujibu maswali hayo si kumkosea mtu adabu.

Tena atafutwe mtu anayeijua dunia ya hadithi yenyewe. Kijana mmoja wa Ujiji ameandika riwaya ya wavuvi wa dagaa, kwa lugha tamu kweli. Katika sura mojawapo shujaa anaingia ziwani usiku wa mwezi mpevu, maji yanametameta, na alfajiri wanarudi mtumbwi umejaa. Nilimshauri aipeleke kwa mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Akamsomea kwa sauti huku mama akigeuza dagaa kwenye chanja. Walipofika hapo, mama akasimamisha mkono. "Hebu rudia, mwanangu. Na mbalamwezi yote hiyo, dagaa wanafuata taa gani?"

Ndivyo mambo yalivyo Ziwa Tanganyika. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi hata za sola, na giza ndilo linalowakusanya chini ya mwanga. Mwezi ukipevuka nuru inatapakaa ziwa zima, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mhadhiri wa fasihi angeweza kuipita sentensi ile na kusifia taswira yake.

Mama hakuishia hapo. Alisema mke wa mvuvi kwenye hadithi ile anangoja tu mlangoni, wakati mwanamke wa mwaloni huwa anajua deni la mafuta kabla ya mumewe. Kijana hakujitetea, akaandika. Nilifurahi sana kuliona hilo, kwa sababu ukishaanza kusema "mimi nilimaanisha hivi", msomaji anarudi kwenye hongera. Mama alitaka pia shujaa aoe mwishoni. Kijana alishukuru, na shujaa hakuoa. Nayo ni haki yake.

Nalisisitiza hili kwa kuwa milango imefunguka. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Ipo na tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Zote hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na kwa anayeandika huku, zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka kwa wachapishaji wa Dar es Salaam, hiyo ni neema. Lakini majaji wanapokea kilichokwisha kuiva. Kukiivisha ni kazi yetu, huku huku Gungu, Katonga na Ujiji, kwa macho ya watu wasiolipwa.

Na kwa kuwa hawalipwi, tuwaonee huruma. Usimbebeshe mtu mswada mzima. Mpe sura moja au mbili. Mama wa dagaa mfuate siku za mbalamwezi, kazi inapopungua mwaloni.

Sura ile sasa inatokea gizani. Shujaa haoni nani yuko kwenye mtumbwi wa pili, anasikia sauti tu, na sauti hiyo ni ya mtu aliyedhaniwa amevukia Kongo zamani. Jambo hilo halikuwemo kabisa kwenye mswada wa kwanza. Kijana ameahidi kumsomea mama sura zilizobaki. Mama naye ana lake: kikundi chao cha akina mama kinaomba mkopo wa manispaa, na barua ya maombi imerudishwa kwa sababu haikuandikwa vizuri. Sasa anayeiandika upya ni kijana huyo, na safari hii mama ndiye anayemsahihisha kila mstari.