Kikokotoo Kutoka Ng'ambo

Binti wa dada yangu alipoitwa kidato cha kwanza, barua ya shule ilikuja na orodha ndefu: godoro, sanduku la bati, seti ya jiometri, kitabu cha majedwali ya hesabu, na kikokotoo cha kisayansi. Hicho cha mwisho dada aliniachia mimi. Ndimi mjomba, tena nakaa mjini, na nilitaka kumfanyia mtoto jambo ambalo hatalisahau.

Nikamwagiza rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Marekani. Akaleta TI-84 Plus, mashine nzito ya skrini pana, inayochora grafu na kuhifadhi programu. Huko wanafunzi huingia nayo hata kwenye mtihani wa SAT. Kwetu Kenya, karatasi ya hesabu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, hutaja kwenye maagizo yake kikokotoo kinachoruhusiwa: kisichotoa sauti na kisichoweza kupangiwa programu. Si siri. Karatasi za miaka iliyopita zinauzwa madukani. Sikujisumbua kutazama hata moja.

Likizo ya kwanza alinijia mbio. "Mjomba, hii inachora yenyewe!" Akaandika mlinganyo, akabonyeza GRAPH, mkunjo ukajitokeza mbele yetu. Nilifurahi kama yeye. Leo naona pale ndipo nilipoanza kumpunja. Kwenye karatasi ya pili ya hesabu ya KCSE mtahiniwa hupewa jedwali, akajaza thamani za y, kisha akaweka nukta moja moja kwenye karatasi ya grafu na kuziunganisha kwa mkono wake. Swali zima la namna hiyo lina alama 10. Mkono wa mtoto wetu ulikaa zaidi ya miaka mitatu bila mazoezi hayo, kwa sababu mashine ilimtangulia kila mara.

Mambo yalifichuka katika mtihani wa majaribio, kidato cha nne. Msimamizi alikigeuzageuza kile kikokotoo, akasema hakiingii. Mtoto akapewa kingine kutoka kabatini, kidogo, ambacho hakuwahi kukishika. Aliyekitumia kabla yake alikuwa amekiacha kwenye G.

Vikokotoo kama Casio fx-82MS huwa na herufi ndogo sana juu ya skrini: D ni digrii, R ni radiani, G ni gradi. Pembe mraba ina digrii 90, lakini ina gradi 100. Kwa hiyo sin 30, ambayo kwa digrii ni 0.5, hapo hutoka 0.45399. Pembetatu yenye pande za sm 8 na sm 10, na pembe ya digrii 30 kati yake, ina eneo la sm 20 za mraba. Yeye aliandika 18.16. Kanuni aliijua, hatua alizionyesha zote, na bado kila swali lenye pembe likaharibika vivyo hivyo.

Nilipokwenda kumwona dada, hakunigombeza. Alisema tu, "Ungemuuliza mwalimu wake kwanza." Sikuwa na la kujibu.

Tukanunua fx-82MS ya kawaida, inayotumia betri moja. Likizo ya Agosti alikaa nayo mezani kila jioni: MODE mara mbili, kisha 1, hadi D ionekane, halafu penseli, rula, karatasi ya grafu. Vidole vilichelewa kuzoea. Vilikuwa bado vinatafuta vitufe vya ile kubwa. KCSE aliifanya, akapita, ila swali la grafu hakulimaliza. Zile alama sina namna ya kumrudishia.

Baadaye mdogo wake naye aliitwa kidato cha kwanza. Kabla ya kwenda dukani nilimpigia mwalimu wa hesabu wa shule yake. Kisha tukaenda watatu. Muuzaji alitoa kwanza cha bei rahisi. Nikamwambia mtoto aandike 2 + 3 × 4. Kikatoa 20, maana kilijumlisha kwanza, kikifuata tu vitufe vilivyobonyezwa. Tukakirudisha. Cha pili kikatoa 14. Mdogo akataka tulipe tuondoke, lakini dadake alikichukua mkononi, akakisogeza penye mwanga wa mlango, akatazama juu ya skrini, kisha akaandika sin 30.